Kushindwa na Kusimuliwa: Mnyonge wa Kandanda katika Captain Tsubasa

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzitazama hadithi za katuni kama mchezo wa watoto usiostahili kalamu ya mtaalamu. Mazoea hayo yanafanana na yale yaliyowahi kuikumba fasihi simulizi yenyewe, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa porojo za jioni mpaka ilipopata nafasi yake katika mitaala ya vyuo vikuu. Makala haya yanakusudia kuhakiki kazi moja ya Kijapani, Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi, iliyoanza kama hadithi ya michoro na baadaye ikawa filamu ya katuni ya televisheni. Tumeichagua kwa sababu kiini chake ni jambo lililo karibu sana na kijana wa Kisangani: timu ya watoto isiyotazamiwa kushinda inakutana na timu yenye kila kitu.

Apitaye katika mitaa ya Kisangani alasiri, jua likiwa limepoa, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba, mawe mawili badala ya milingoti ya goli, na wachezaji ambao baadhi yao hawana viatu: hayo ni mandhari ya kandanda ya watoto katika mitaa mingi ya Afrika. Swali linalotushughulisha ni hili: hadithi ya timu dhaifu inapomfikia mtoto wa mahali kama hapo, inamwambia nini kuhusu udhaifu wake?

Hoja yetu ni kwamba katika kazi hii msuko na usimulizi havisemi jambo moja. Msuko humnyang'anya mnyonge ushindi na kumkabidhi mwenye kipaji. Usimulizi, kwa upande wake, humpa mnyonge haki ya kusikika wakati anaposhindwa. Tutajaribu kuonyesha kuwa ni katika usimulizi huo, wala si katika mabao, ambamo thamani ya kazi hii imo.

2.0 Kazi na Wakati Wake

Takahashi alianza kuichapisha hadithi yake mwaka 1981 katika jarida la kila wiki la vijana, Weekly Shonen Jump, na mfululizo wa kwanza ukakamilika mwaka 1988. Filamu ya katuni ilionyeshwa Japani kuanzia mwaka 1983 hadi 1986, nayo ina sehemu 128. Mhusika mkuu ni Ozora Tsubasa, mvulana wa shule ya msingi anayehamia mji wa Nankatsu na kujiunga na timu ya shule yake mpya, ambayo ni dhaifu. Anafundishwa na Roberto Hongo, mchezaji wa Brazili mwenye asili ya Kijapani aliyelazimika kuacha kandanda kwa sababu ya maradhi ya macho.

Hatuwezi kuielewa dhamira ya kazi hii bila kukumbuka hali ya kandanda ya Japani wakati ilipotungwa. Nchi hiyo ilikuwa imepata medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini haikuwa imewahi kufika fainali za Kombe la Dunia. Ligi ya kulipwa ilianza mwaka 1993, na fainali za kwanza ambazo Japani ilicheza ni zile za Ufaransa mwaka 1998. Kwa hiyo Takahashi alipomfanya mtoto wa shule aote kutwaa Kombe la Dunia, aliandika kwa niaba ya taifa zima lisilotazamiwa. Brazili ndiyo kipimo cha ukamilifu katika hadithi hii, na Roberto ndiye daraja la kufikia ukamilifu huo. Msomaji wa Afrika anaitambua hali hii mara moja: kuupenda mchezo ambao bingwa wake yuko ng'ambo daima.

Kazi hii ilisafiri sana. Huko Ufaransa ilianza kuonyeshwa mwaka 1988 kwa jina la Olive et Tom, na katika nchi za Kiarabu ilijulikana kwa jina la Kapteni Majid. Katika kusafiri huko wahusika walibadilishwa majina: kwa Kifaransa Tsubasa akawa Olivier Atton, Hyuga akawa Mark Landers, na Ishizaki akawa Bruce Harper. Jambo hili si dogo, nasi tutalirejea mwishoni.

3.0 Msuko: Timu Dhaifu Inayotoweka

Wengi huikumbuka Captain Tsubasa kama hadithi ya timu dhaifu iliyopanda mpaka ikawa bingwa. Ukiufuata msuko kwa makini, utaona kuwa kumbukumbu hiyo si sahihi.

Mwanzoni kuna shule mbili katika mji mmoja. Shutetsu ni shule ya wenye uwezo. Kipa wake, Wakabayashi Genzo, ni mtoto wa tajiri, tena anafundishwa na kocha wake binafsi. Nankatsu ni shule ya watoto wa kawaida, na nahodha wake, Ishizaki Ryo, ni mwana wa wenye nyumba ya kuogea ya umma. Mchezo wa shule hizi mbili unaishia sare ya mabao 2 kwa 2. Kwa Nankatsu sare hiyo ni ushindi. Hapo ndipo hadithi ya timu dhaifu inapofikia kilele chake, na hapo ndipo inapokwisha.

Mara baada ya mchezo huo wachezaji bora wa mji mzima wanachaguliwa kuunda timu moja ya kwenda kwenye mashindano ya taifa. Wakabayashi, aliyekuwa adui, anakuwa mwenzao. Wengi wa wale watoto waliokimbia na Tsubasa siku ya sare hawaonekani tena, isipokuwa wachache kama Ishizaki mwenyewe na kipa Morisaki. Timu ya wanyonge imevunjwa ili kumtafutia mwenye kipaji wenzake wanaomfaa. Mtunzi haoni haja ya kulieleza jambo hili, na wachezaji walioachwa hawapewi nafasi ya kulalamika.

Aidha, Tsubasa mwenyewe si mnyonge. Tunaonyeshwa kuwa tangu utotoni mpira ulimwokoa alipokaribia kugongwa na gari, na tangu hapo amefungamana nao kama mtu aliyeandikiwa. Huyu ni shujaa wa aina tunayoifahamu katika tendi: amezaliwa na nguvu zake, na kazi ya hadithi ni kuzidhihirisha. Fumo Liyongo naye hakujifunza kuwa na nguvu. Tofauti ni kwamba utendi wa Liyongo hautuambii kuwa sisi sote tunaweza kuwa Liyongo tukijitahidi, ilhali Captain Tsubasa inatuambia hivyo kila mara. Katika pengo hili kati ya tunachoambiwa na tunachoonyeshwa umo udhaifu mkubwa wa kazi hii. Jitihada inahubiriwa, na kipaji ndicho kinachofunga mabao.

Mnyonge wa kweli inabidi atafutwe pembeni mwa hadithi. Yuko Hyuga Kojiro wa timu ya Meiwa, aliyefiwa na baba na anayefanya kazi baada ya masomo ili kumsaidia mama yake kuwalea wadogo zake. Kwake kandanda ni njia ya kuiokoa familia. Yuko Matsuyama Hikaru wa Furano, huko Hokkaido penye theluji, ambaye timu yake haina nyota na nguvu yake yote ni kukaa pamoja. Yuko pia Misugi Jun, mwenye kipaji kinachokaribia cha Tsubasa, lakini ugonjwa wa moyo unamzuia kucheza mchezo mzima. Wote watatu wanashindwa katika mashindano ya shule za msingi. Msuko unawahitaji ili uwashinde.

4.0 Usimulizi: Muda wa Anayeshindwa

Kama tungeishia hapo, uhakiki wetu ungekuwa wa kulaumu tu. Hata hivyo, hadithi haikamiliki kwa matukio peke yake. Namna ya kuyasimulia nayo ni sehemu ya maana yake.

Sifa ya filamu hii inayotajwa na kila mtu, aghalabu kwa kicheko, ni urefu wa uwanja na wa muda. Mchezaji huanza kukimbia na mpira, na goli halionekani, kana kwamba uwanja umepinda kama dunia. Mchezo mmoja huchukua sehemu kadhaa. Kabla ya mguu kuugusa mpira, mchezaji hukumbuka utoto wake, huzungumza na nafsi yake, humjibu mpinzani wake, na watazamaji jukwaani nao hutoa maoni yao. Wanaotaka uhalisi huona kuwa hili ni kosa.

Msomaji wa tendi za Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Katika Utendi wa Tambuka mashujaa hawapigani kimya. Husemezana kwanza, hujitaja na kujigamba, na upanga husubiri mpaka maneno yamalizike. Hakuna anayeuliza vipi adui alivumilia beti zote hizo bila kupiga. Muda wa utendi si muda wa saa. Ni muda wa uzito wa tendo, na tendo zito hupewa beti nyingi. Takahashi na watengenezaji wa filamu wanaufuata mkabala huohuo kwa mbinu za uzungumzinafsi na kisengerenyuma.

La msingi ni kuuliza muda huo anapewa nani. Tunaona kuwa hapewi mshindi peke yake. Hyuga anapokaribia kupiga, tunarudishwa nyumbani kwake na kuwaona mama yake na wadogo zake. Misugi anaposhika kifua, mchezo unasimama katika nafsi yake, na Tsubasa, aliyekwisha kuambiwa siri ya ugonjwa wake, anapoteza hamu ya kucheza. Morisaki, kipa wa akiba anayesimama golini kwa sababu Wakabayashi ameumia, anaonyeshwa akiuogopa mpira, na hofu yake haifanywi kichekesho tu. Tunaingizwa ndani yake mpaka tujue inavyohisika.

Mfano ulio bora ni Ishizaki. Hana kipaji, naye anajua kwamba hana. Silaha yake ni kuuzuia mpira kwa uso. Mtoto hucheka anapoliona tendo hilo kwa mara ya kwanza. Likirudiwa tena na tena, kicheko kinapungua na heshima inakua, kwani tumekwisha kuelewa kuwa huyu ndiye mchezaji pekee anayelipa kwa mwili wake kile ambacho wenzake walipewa bure. Ndani ya timu ya mabingwa Ishizaki ndiye mabaki ya ile timu dhaifu ya mwanzo. Msuko uliivunja timu hiyo. Usimulizi umeihifadhi katika mtu mmoja.

Inafaa pia kukumbuka kuwa mashindano ya shule za sekondari katika hadithi hii yanamalizika kwa sare kati ya Nankatsu na Toho, timu mpya ya Hyuga, na ubingwa unagawanywa. Yamkini mtunzi mwenyewe alihisi kuwa baada ya kumpa mpinzani nafsi kamili kama ile ya shujaa, ni vigumu kumshinda tena bila kuharibu kitu.

5.0 Mwaka 1974: Mnyonge Asiyesimuliwa

Ili kuona thamani ya haki hii ya kusikika, hatuna budi kutazama tukio halisi ambalo mnyonge aliinyimwa. Tukio hilo ni letu.

Mwaka 1974 timu ya taifa ya Zaire, iliyotoka kutwaa Kombe la Afrika mwaka huohuo, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Huko Ujerumani Magharibi ilifungwa na Uskoti mabao 2 kwa 0, ikafungwa na Yugoslavia 9 kwa 0, kisha ikafungwa na Brazili 3 kwa 0. Katika mchezo wa Yugoslavia kipa Kazadi alitolewa baada ya bao la tatu, akaingia Tubilandu, na mabao sita zaidi yakapita. Ndaye Mulamba, aliyekuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka huo, alitolewa nje kwa kosa ambalo hakulitenda yeye.

Dunia imeyasahau mengi ya hayo, ila jambo moja. Katika mchezo wa Brazili, Wabrazili walipopewa mpira wa adhabu, beki Mwepu Ilunga alichomoka katika ukuta wa wenzake na kuupiga mpira mbali kabla haujapigwa na mwenyewe. Picha hiyo ilirudiwa miaka nenda miaka rudi kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria za mchezo. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kuwa alizijua sheria vizuri. Wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha zao, nao walikuwa wamepewa vitisho baada ya yale mabao tisa; tendo lake lilikuwa la uchungu na la kugoma. Mwepu alifariki mwaka 2015, na bado wapo wanaoitazama picha ile na kucheka tu.

Tulinganishe sasa. Kamera ya mwaka 1974 ilimwonyesha Mwepu kwa nje, kwa sekunde chache, bila uzungumzinafsi wala kisengerenyuma. Mtazamaji aliuona mguu na mpira. Hakuiona kambi ya wachezaji, wala fedha zilizopotea, wala hofu ya kurudi nyumbani. Kama tukio lile lingekuwa katika Captain Tsubasa, mguu wa Mwepu ungesimama hewani kwa muda wa nusu sehemu, nasi tungejua yote hayo kabla mpira haujaondoka. Hatusemi kuwa katuni ina ukweli kuliko picha ya televisheni. Tunasema kuwa picha ya kweli isiyo na msimulizi inaweza kumdhulumu mtu, na kwamba msimulizi anayejua kusubiri anaweza kumtendea haki.

Kazadi na Tubilandu, Wakabayashi na Morisaki: katika kila jozi kipa mmoja anampisha mwingine. Jozi ya kubuni tunaijua nafsi zake; ile ya kweli, ambayo ni ya kwetu, tunaijua kwa idadi ya mabao. Hili ni deni la fasihi yetu wenyewe, wala si la Wajapani.

6.0 Suala la Kiswahili

Je, kazi hii ikiletwa katika Kiswahili, mtafsiri atakabiliana na nini? Tutataja mambo mawili tu yanayohusiana na hoja yetu.

La kwanza ni ngeli. Wazo kuu la Tsubasa ni kwamba mpira ni rafiki yake. Katika lugha nyingi wazo hilo hubaki kuwa tashibiha isiyoigusa sarufi. Katika Kiswahili sanifu mambo hayawi rahisi hivyo. Mpira una upatanisho wa vitu: mpira umekuja, mpira wangu umepotea. Rafiki ana upatanisho wa viumbe hai: rafiki amekuja. Mtafsiri atalazimika kuamua ni lini mpira utaacha kuwa kitu na kuwa mtu. Akiandika kuwa mpira amenikimbia, amempa uhai kamili, kama ngano zinavyompa sungura na jiwe uwezo wa kusema. Akibaki na umenikimbia, urafiki utakuwa maneno matupu. Pengine uamuzi bora ni kuwatenganisha wahusika: mpira wa Tsubasa uwe na upatanisho wa kiumbe hai katika usemi wake mwenyewe, na ule wa Ishizaki, unaompiga usoni, ubaki kitu mpaka mwisho. Hapo sarufi yenyewe itaeleza tofauti kati ya aliyejaliwa na asiyejaliwa. Mtafsiri anayetumia Kiswahili cha mazungumzo cha Kisangani, ambamo upatanisho wa ngeli haufuatwi kwa ukamilifu ule wa Kiswahili sanifu, itambidi atafute njia nyingine, labda kwa kumpa mpira jina au kwa kuusemesha moja kwa moja.

La pili ni majina. Wafaransa na Waarabu waliwabadilisha wahusika majina ili mtoto wao ajione uwanjani. Nia hiyo ni njema, lakini ina hatari yake. Majid anaposhinda, mtoto wa Kiarabu anafurahia ushindi usiokuwa na historia, kwa sababu ile Japani iliyokuwa haijafika Kombe la Dunia imefutwa. Jambo la kupendeza ni kwamba Obada Kassoumah, Msyria aliyesoma Tokyo, alipoitafsiri hadithi ya michoro kwa Kiarabu, nakala za tafsiri yake ziligawiwa mwaka 2017 kwa watoto wakimbizi wa Syria. Watoto hao hawakuhitaji kuambiwa kuwa bidii hushinda kila kitu. Walikuwa wameona vingine. Walichokipata, tunavyodhani, ni ulimwengu ambamo kila mtoto, hata aliyefungwa, anasimamishiwa muda ili asikilizwe. Mji wetu, ulioshuhudia majeshi ya kigeni yakipigana mitaani kwa siku sita mwezi Juni 2000, una watoto waliokulia katika hali isiyo mbali na hiyo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kuwa Captain Tsubasa ni kazi inayojipinga yenyewe. Kwa upande wa msuko inamwahidi mnyonge ushindi, kisha inampa mwenye kipaji. Timu dhaifu ya Nankatsu inadumu mchezo mmoja tu. Mwalimu atakayeitumia darasani hana budi kuwaonyesha wanafunzi pengo hilo, ili wasichukue funzo la uongo kwamba aliyeshindwa hakujitahidi.

Kwa upande wa usimulizi kazi hii ina jambo la kutufunza sisi waandishi na wahakiki wa Kiswahili. Tuna urithi wa tendi unaojua kuurefusha muda kwa ajili ya tendo zito. Tuna wachezaji wetu waliofungwa mabao tisa mbele ya dunia, na kila mmoja wao alikuwa na nafsi. Watunzi wa Kijapani waliutumia ufundi unaofanana na ule wa tendi kwa ajili ya watoto wa shule wasiokuwapo. Bado hatujautumia ipasavyo kwa ajili ya watu waliokuwapo. Atakayeandika utenzi au hadithi ya mchezo wa tarehe 22 Juni 1974 aanzie pale ukutani, Mwepu akiwa bado hajachomoka, na asiufanye mguu ufike kwenye mpira haraka.